Saa kuukuu ikaguliwe kama ng'ombe wa mnadani

Mkulima anapokwenda mnadani kununua ng'ombe, hakubali kuambiwa umri kwa mdomo tu. Humfunua mnyama kinywa, akaangalia meno, akamtembeza, ndipo bei ijadiliwe. Cha kushangaza, mkulima huyo huyo akishauza mahindi yake huweza kutoa fedha nyingi kununua saa kuukuu ya mkono, kwa sababu tu inang'aa na muuzaji ameapa kuwa ni ya mwaka 1973.

Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Saa nayo ina meno yake, na anayejua kuyasoma hadanganywi kirahisi.

Chukulia Seiko 5, saa ya Kijapani isiyotumia betri, ambayo ilianza kuuzwa mwaka 1963. Kwenye mfuniko wa nyuma huwa kuna namba mbili. Ya kwanza imegawanywa kwa kistari, na alama nne za mwanzo hutaja aina ya mashine iliyomo ndani. Ya pili, ambayo kwa kawaida ina alama sita, hueleza umri. Tarakimu yake ya kwanza ni ile ya mwisho ya mwaka saa ilipotengenezwa. Inayofuata ni mwezi: 1 hadi 9 ni Januari hadi Septemba, sifuri ni Oktoba, N ni Novemba na D ni Desemba.

Tatizo ni kwamba tarakimu ya mwaka hujirudia kila baada ya miaka 10. Namba inayoanza na 3 yaweza kuwa ya 1973, 1983, 1993 au 2003. Hapo ndipo aina ya mashine inapotoa hukumu. Mashine ya 7S26 ilianza kutengenezwa mwaka 1996. Kwa hiyo, saa yenye mashine hiyo na namba inayoanza na 3 haiwezi kuwa ya 1973, hata muuzaji aape mara saba. Mapema kabisa ni 2003, na anayeilipia kama saa ya 1973 amelipia miaka 30 ambayo haipo.

Aidha, chini kabisa ya uso wa saa huwa kuna maandishi madogo sana. Alama nne za mwanzo hapo zinatakiwa zilingane na zile za mfuniko. Zikipishana, yawezekana uso au mfuniko umetoka kwenye saa nyingine. Maandishi hayo yakiwa hayapo kabisa, au herufi zikiwa nene na zimepinda, ni dalili kuwa uso umepakwa rangi upya.

Baada ya umri, uzima. Mashine ya 7S26 haitiwi ufunguo kwa mkono. Hujijaza kwa mwendo wa mvaaji. Saa ikivaliwa mchana kutwa kisha ikawekwa mezani usiku, inatakiwa iwe bado inatembea asubuhi. Ikisimama, inahitaji fundi, na gharama ya fundi ipunguzwe kwenye bei. Fundi afungue mfuniko pia, aangalie kutu na skrubu zilizochakazwa na bisibisi.

Wapo wafanyabiashara wadogo watakaosema kuwa wateja wanapenda kinachong'aa, hivyo hakuna haja ya kujisumbua. Hoja hiyo ina kasoro. Mfanyabiashara asiyekagua ndiye wa kwanza kudanganywa huko anakonunua, na mtaji wake ndio unaoliwa. Mteja naye akigundua ukweli harudi tena, na hurudi kijijini kuwatahadharisha wengine.

Ieleweke kuwa kuuza saa yenye vipuri vya kuchanganya si kosa. Saa hiyo inaweza kuonyesha majira vizuri kwa miaka mingi, na ina bei yake. Kosa ni kuiuza kwa bei ya saa ambayo haijaguswa. Ni vema basi muuzaji aandike kwenye stakabadhi aina ya mashine, mwaka na vipuri vilivyobadilishwa. Karatasi hiyo humlinda yeye na mnunuzi.

Kwa mkulima, fedha za mavuno huja kwa msimu, na zikipotea hadi msimu mwingine. Muuzaji akikataa saa isifunguliwe na fundi kabla ya malipo, asibembelezwe. Amekwisha kutoa jibu.