Mkulima Huku, Mfugaji Kule: Wito kwa Makanisa ya Kilosa na Mikumi

Barabara inayotoka Dumila kwenda Kilosa inapita Msowero, kisha Rudewa. Msowero ndiko Mjerumani Carl Peters alikomfikia Chifu Mangungo mwezi Novemba 1884, akaondoka na karatasi ya Kijerumani yenye alama ya mtu asiyejua Kijerumani. Miezi mitatu baadaye Kaiser akaiweka Usagara chini ya bendera yake. Rudewa Mbuyuni ndiko wakulima 38 walikouawa na wafugaji tarehe 8 Desemba 2000, siku moja kabla ya sikukuu ya Uhuru, kwa ugomvi wa malisho na mashamba. Kati ya karatasi ile na mauaji yale ni miaka 116, na karibu muda wote huo kanisa lilikuwapo hapa. Wamisionari Waanglikana wa CMS walikuwa wameshafika Mamboya kabla Peters hajashuka melini. Tumehubiriwa tangu enzi za babu wa babu zetu. Basi habari ya nani alimkosea nani katika bonde hili hatuwezi kumwachia mkuu wa wilaya na polisi, sisi tukabaki kutoa matangazo ya misiba.

Nawaandikia Wakristo wenzangu wa Kilosa na Mikumi: Wakatoliki, Waanglikana, Walutheri, Wapentekoste, na ndugu zetu Wasabato, ambao watanivumilia kila nitakaposema Jumapili. Ninachoomba ni kwamba tuache kusali mkulima huku, mfugaji kule. Na tuache kuwadai watoto deni la baba zao.

Siku ya mnada wa ng'ombe hakuna anayeuliza kabila. Mkaguru mkulima na Mparakuyo mfugaji wanavutana bei mpaka jasho linawatoka, wanapatana, wanakaa benchi moja kula nyama choma. Msagara anauza mahindi, Mmaasai anauza dawa za mizizi na kandambili za matairi, Msukuma anatafuta dume la jembe. Jumapili ikifika watu walewale wanatawanyika. Huku kwaya ya wakulima chini ya bati, kule ibada ya Kimaasai chini ya mti, na aliyevaa lubega akiingia chini ya bati, vichwa vinageuka. Mimbarini hatuthubutu kuwaita wafugaji "Mang'ati", lakini tukishatoka nje jina hilo tunalisema, na watoto wanasikia. Wafugaji nao wana majina yao ya kutuita sisi wa jembe. Wao wenyewe wanayajua.

Tutajitetea kwamba ni suala la lugha. Utetezi huo una ukweli ndani yake. Bibi aliyezeeka bomani, asiyejua Kiswahili zaidi ya salamu, ana haki ya kuisikia Injili kwa lugha aliyonyonya nayo, na mchungaji anayemfuata huko kwa pikipiki anafanya kazi ya mitume. Lakini bibi ana wajukuu. Wanasoma shule moja na watoto wetu, wanaongea Kiswahili cha Morogoro vizuri kabisa, na wao pia bado wanasali chini ya mti uleule. Hapo hatuwezi tena kusema ni lugha.

Wenzetu wa Afrika Kusini walishapita njia hii. Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Matengenezo la Kiholanzi kule Cape ilikiri kwamba Maandiko yanataka waumini wote wawe kusanyiko moja, kisha ikaruhusu weusi na machotara wasali kando kwa sababu ya udhaifu wa baadhi ya watu. Udhaifu wenyewe ulikuwa ni Wazungu fulani kutopenda kushiriki meza na watumishi wao. Ilikuwa ruhusa ndogo. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pekee la machotara, na katika karne iliyofuata desturi ile ikageuzwa mafundisho ya kuunga mkono siasa ya ubaguzi. Ni kanisa hilohilo la waliotengwa lililokuja kuandika Ungamo la Belhar, likalipitisha mwaka 1986, likisema kuwatenganisha waumini kwa rangi ni kuikana Injili. Miaka karibu mia moja na thelathini, kuanzia kwenye ruhusa iliyotolewa kwa upole.

Hapa kwetu hakuna sinodi iliyopitisha azimio kama lile, ila rangi ilikaa kanisani pia. T. O. Beidelman, aliyekaa Ukaguru akifanya utafiti mwishoni mwa miaka ya 1950, alitoa kitabu mwaka 1982 kuhusu misheni ya CMS ya huku, na picha anayoichora inaumiza: Mzungu na Mkaguru katika kanisa moja, kila mmoja na maisha yake. Wazee wetu walikua wakijua ni mlango upi wa nyumba ya misheni wa kubisha. Nadhani ndipo tulipojifunza kwamba inawezekana kushiriki kikombe kimoja na mtu usiyeweza kumkaribisha chakula. Mwalimu ameshaondoka, na somo tunaliendeleza wenyewe kwa wenyewe.

Lakini tulirithi na kitu kingine, na nashangaa tunavyokisahau. Kanisa Katoliki la mkoa huu lilianza na watu ambao utumwa ulikuwa umewapokonya kabila. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha waliokombolewa utumwani, na walipoanzisha misheni ya Mhonda mwaka 1877, familia za kijiji hicho zilikuwa miongoni mwa waliotumwa kuianza. Walitoka pande zote za bara, wengine hata kijiji walichozaliwa hawakukijua. Anayesema parokia fulani ni ya kabila fulani hajui ilianzaje.

Waanglikana nao wanao Uamsho. Ulianza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukaingia Tanganyika, ukafika mpaka vilima vya Ukaguru. Walioitwa ndugu wa Uamsho walikuwa na utaratibu wa kutembea nuruni: unamwendea uliyemkosea, unalitaja kosa kwa jina lake mbele ya wengine, na kama uliiba unarudisha. Mwafrika alimwambia Mzungu, "Nimekuchukia." Mzungu naye alimwambia Mwafrika, "Nimekudharau." Palikuwa na kulia sana, na pengine kupita kiasi, lakini hakuna kitu kilichobomoa ukuta wa rangi katika misheni zile kama hicho. Tarehe 15 Mei 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury aliwaweka wakfu maaskofu wanne Waafrika pale Namirembe, Kampala, na mmoja wao alikuwa Yohana Omari, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Kianglikana Tanganyika. Miaka kumi baadaye ilipoanzishwa Dayosisi ya Morogoro, askofu wake wa kwanza, Gresford Chitemo, alikuwa mtu wa Uamsho. Tunayo njia basi, na tuliipata hapahapa. Hatuhitaji semina ya mfadhili wala posho ya kikao.

Sasa nije kwenye pagumu. Wapo watakaouliza: unamwambia nani aachilie deni hilo? Mjane wa Rudewa aliyezika mume? Au mfugaji aliyekumbwa na operesheni ya mwaka 2009, akatozwa faini mpaka zizi likabaki mavi matupu? Maana baada ya mwaka 2000 damu ilimwagika tena mwaka 2008, na serikali ilipokuja kuondoa mifugo, kipigo kiliwaangukia hata wale ambao hawakuwahi kumgusa mtu. Mimi simwambii mjane aachilie. Hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia hivyo, hata askofu. Wala simwambii mtu aondoe kesi mahakamani au afunge mdomo juu ya kipande cha ardhi alichonyang'anywa. Mwenye kesi na aifuate mpaka mwisho.

Ninachotaka tukiache ni kile kinyongo cha kimyakimya kinachotufanya tumwone kijana wa miaka ishirini, ambaye mwaka 2000 hakuwa amezaliwa, tukamhesabia maiti 38. Na kijana huyo naye akimwona mkulima, asimwone mtu aliyempigia simu mtendaji ng'ombe wa babu yake wakamatwe. Deni la namna hiyo halilipiki, kwa sababu anayedaiwa hakukopa.

Tukiwa wakweli, tunagombania mabaki. Watafiti waliochunguza mauaji ya Kilosa na kuandika mwaka 2009 walitaja sera zilizompendelea mkulima dhidi ya mfugaji, na rushwa ya viongozi waliokula pande zote mbili. Rudi nyuma zaidi: kwanza ile karatasi ya Mangungo, halafu mashamba makubwa ya mkonge ya Kimamba na Rudewa, ambayo mengi yaligeuka pori huku hati zikibaki kwenye makabati ya watu. Mwaka 1964 sehemu ya uwanda wa Mkata ikawa Hifadhi ya Mikumi. Siipingi hifadhi, maana Mikumi yote inaishi kwa barabara na kwa wanyama. Nasema tu kwamba ukishaondoa mkonge na hifadhi, kinachobaki kwa jembe na kwa ng'ombe ni kidogo, na kila masika kinafunikwa na maji. Serikali imeanza kufuta hati za baadhi ya mashamba-pori hayo. Yakigawanywa kwa watu wasiozungumza, tutakuwa tumeanza upya kuhesabu makaburi.

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale Wajerumani waliyoyafanya wakati wa Majimaji. Hakuwa amezaliwa wakati ule, hata baba yake. Wapo waliosema maneno hayatoshi bila fidia na bila mafuvu kurudishwa, na wana haki kusema hivyo. Lakini alipanda ndege akaja. Kutoka boma la Mparakuyo hadi kanisa la mkulima mara nyingine ni mwendo wa saa moja kwa miguu.

Haya ndiyo ninayoyapendekeza, na mwenye bora kuliko haya ayalete.

Jumapili iliyo karibu na tarehe 8 Desemba ifanywe ya pamoja. Inaangukia Majilio, wakati ambapo tayari huwa tunahubiri toba. Safari hii toba iwe na anwani. Yasomwe majina ya waliokufa wa pande zote mbili, bila kuyatenga, baada ya familia zao kukubali. Baada ya majina, anayetaka kusema aseme jambo lake, na asijibiwe siku hiyo. Viongozi wa serikali wakaribishwe kama waumini. Meza kuu isiwepo.

Sikukuu ya mavuno tuiunganishe. Kila mtu anajua mnada wa mavuno ulivyo: kuku mmoja ananunuliwa mara tano na kila mara anarudishwa auzwe tena. Wafugaji wakileta mbuzi na maziwa, wakulima wakileta mpunga na mahindi, mnada huo utanoga. Sadaka inayopatikana isiende kwenye bati la upande mmoja. Ikae kwa kamati ya watu wa pande zote, na kazi yake ya kwanza iwe kumlipa mtu ambaye shamba lake limeliwa au ndama wake amekatwa panga, kabla vijana hawajakusanyika na fimbo. Hata pesa zikiwa haba, mtu akiona wazee wa kanisa wamefika shambani siku hiyohiyo, anatulia.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao angalau wakiwa wanawake. Kina mama wa vikundi vyetu vya kanisa wanafahamika kwa kutokula rushwa; tuwashawishi wagombee. Na kwenye uchaguzi wetu wenyewe, wa wazee, wa halmashauri ya walei, mpaka wa askofu, anayepita nyumba kwa nyumba akisema "safari hii ni zamu yetu" akataliwe papo hapo.

Wachungaji na mapadri nawaomba mbadilishane mimbari walau mara moja kwa robo mwaka. Najua mambo ya vibali na mipaka ya madhehebu. Anzeni ndani ya dhehebu moja, maana hata huko tumegawanyika.

Mikumi, nyinyi muwe wenyeji wa ibada ya kwanza. Mji wenu ni wa njia kuu. Mvidunda, Mhehe, Mpogoro, Mmaasai, Msukuma na Mchaga wa duka wote wameukuta ukiwa haumbagui mtu, na hakuna upande utakaosema umeburutwa kwenye uwanja wa adui. Walio juu, Rudewa na Twatwatwa, watahitaji usafiri. Msikodi mabasi mawili. Likodiwe moja, lipite kijiji cha wakulima na kijiji cha wafugaji, literemke Kilosa mpaka Mikumi, nauli tugawane. Bei ya basi na idadi ya viti ni ajenda ambayo mabaraza ya wazee yanaweza kuimaliza katika kikao kimoja, na kikao hicho kinaweza kuitwa mwezi huu.