Manowari zinalinda mzigo: mtumikaji analindwa na nani?

Mwezi wa 7 wa mwaka 2025, katika juma moja tu, meli mbili za mizigo zilizamishwa katika Bahari Nyekundu: Magic Seas na Eternity C. Wahouthi wa Yemen ndio walizipiga. Watumikaji wote wa Magic Seas waliokolewa na meli nyingine ya biashara iliyokuwa inapita. Wa Eternity C hawakuwa na bahati ile. Ndani mulikuwa watu 25, karibu wote Wafilipino. Kumi waliokotwa majini wakiwa hai, wengine walikamatwa, wengine walikufa. Na meli yao ilikuwa imetoka kushusha chakula cha PAM kule Berbera, kwenye pwani ya Somalia.

Wakati ule Umoja wa Ulaya ulikuwa na jeshi la manowari kwa bahari ile ile. Jina lake Aspides, ni kusema "ngao" kwa Kigriki. Lilianza kazi tarehe 19 mwezi wa 2, 2024, makao yake makuu iko Larissa, Ugriki. Lakini kati ya zile meli mbili hakuna hata moja iliyokuwa inasindikizwa siku ile.

Ndugu watumikaji, na ninyi mama mnaongoja mshahara nyumbani, mtatuuliza: hii habari ya bahari inatuhusu nini, sisi watu wa shimo na wa usine? Inatuhusu kwa njia mbili. Ya kwanza ni mzigo. Katodi za shaba na kobalti yetu zinatoka hapa kwa makamyo mpaka Durban, Dar es Salaam, Beira ao Walvis Bay, na sehemu nyingine kwa treni mpaka Lobito. Kule zinapanda meli. Na vitu vya kazi vinarudi kwa njia hizo hizo. Ile sulfuri ya manjano ya kutengeneza asidi, sehemu kubwa inatoka nchi za Ghuba ya Uarabuni, inavuka Bahari ya Hindi, kisha inapanda barabara mpaka Kasumbalesa. Njia ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni haki ya mtumikaji anayepelekwa mahali pa hatari. Tutafika pale.

Kwanza tuelewe hizi jeshi zinatumika namna gani. Hakuna nchi moja iliyo na manowari za kutosha kulinda bahari yote. Basi nchi nyingi zinapatana: kila moja inaazima manowari moja ao mbili kwa miezi michache, kisha inarudisha nyumbani na nyingine inaleta yake. Mkubwa wa jeshi naye anabadilishwa. Kunakuwa ofisi moja inayopokea habari za meli zote zinazopita, saa zote. Meli ikishambuliwa inaita kwa radio, na manowari iliyo karibu inakimbia, inatanguliza helikopta yake. Na juu ya yote kuna manda, ni kusema karatasi inayosema jeshi linaruhusiwa kufanya nini na halina ruhusa ya kufanya nini. Sisi Wakongomani hatuhitaji kufundishwa sana juu ya manda. Tuliona MONUSCO, tuliona jeshi la Afrika Mashariki lililoingia 2022 na kutoka 2023, kisha lile la SADC. Kila mara watu waliuliza swali moja: hawa walikuja kupigana, ao walikuja kuangalia?

Kwa bahari ya Somalia, kazi ilianza 2008. Mwaka ule maharamia, ni kusema wanyang'anyi wa baharini, waliteka Faina, meli iliyobeba vifaru 33 vya vita ikielekea Mombasa. Kisha waliteka Sirius Star, meli kubwa sana ya mafuta ya Saudia, mbali katika bahari kuu upande wa kusini-mashariki wa Mombasa. Ndipo dunia ilishituka. Baraza la Usalama la ONU lilitoa ruhusa, na mwezi wa 12 Umoja wa Ulaya ulianzisha Operesheni Atalanta. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kulinda meli za PAM zinazopelekea watu wa Somalia chakula. Mwezi wa 1, 2009, Wamarekani na nchi rafiki zao waliunda Kikosi cha 151, kinachoongozwa toka Bahrain. OTAN nayo ilileta manowari zake mpaka 2016. Uchina, anayenunua sehemu kubwa ya kobalti yetu, alituma zake pia, na Uhindi vilevile.

Tuseme ukweli, walifanya kazi. Mwanzo wa 2011 maharamia walikuwa wameshika meli 32 na watu 736. Mwaka ule mashambulio yalifika 237. Miaka miwili kisha yalishuka mpaka 15, na toka 2012 mpaka 2017 hakuna meli kubwa ya biashara iliyotekwa. Manowari ziliweka njia moja katika Ghuba ya Aden, meli zikawa zinapita kwa makundi na kuchungwa. Kenya na Seychelles zilikubali kuhukumu wale waliokamatwa. Wenye meli nao waliweka walinzi wenye bunduki, waya za miiba kandokando, na chumba cha chuma ndani ambamo watu wanajifungia wakishambuliwa.

Lakini angalieni hesabu. Eneo la Atalanta lilikuwa na ukubwa wa zaidi ya mara tatu ya Kongo yetu yote, na manowari zake zilikuwa chache, za kuhesabu kwa vidole. Ni kama kupewa jeep tano za polisi kulinda toka Moanda mpaka Bukavu, toka Gbadolite mpaka Sakania, kisha kuzidisha mara tatu. Aspides nayo, mara nyingi ilikuwa na manowari mbili ao tatu tu kwa Bahari Nyekundu, ambayo urefu wake unapita kilomita 2,000. Ndiyo maana meli nyingi hazikungojea ngao ya mtu. Zilizunguka Afrika yote kwa kupita Rasi ya Tumaini Jema, juma moja ao mbili zaidi njiani.

Na manowari zikihama, mwizi anarudi. Mwisho wa 2023, wakati macho ya jeshi yaligeukia Wahouthi, maharamia wa Somalia waliamka. Mwezi wa 12 waliteka meli Ruen. Askari wa bahari wa Uhindi waliikomboa mwezi wa 3, 2024, wakatoa watumikaji 17 wazima na kukamata maharamia 35. Mwezi ule ule wa 3 ilitekwa Abdullah, meli ya Bangladesh iliyotoka Maputo na tani 55,000 za makaa ya mawe. Makaa yale yalichimbwa na watumikaji wa mine kama sisi. Manowari ya Atalanta iliifuata kwa macho. Watumikaji 23 walitoka mwezi wa 4, kisha makuta kulipwa. Sababu ya wizi iko kwa inchi kavu: Leta iliyoanguka tangu 1991, meli za wageni zilizokuja kuvua samaki bila ruhusa, vijana bila kazi. Manowari haiwezi kumpa kijana kazi.

Sasa tufike kwa jambo lililo ndani ya roho yetu. Hizi jeshi zote ziliundwa juu ya njia ya biashara. Mtumikaji wa meli analindwa kama yuko ndani ya mzigo wenye bei. Kama mzigo hauna bei, ao mwenye meli amekimbia, anabaki peke yake. Mwaka 2010 maharamia waliteka Iceberg 1. Mwenye meli hakuikomboa, na watumikaji walikaa ndani karibu miaka mitatu, mpaka askari wa Puntland walipowatoa mwisho wa 2012. Mwaka 2012 ilitekwa Naham 3, meli ya uvuvi. Ndani mulikuwa watu 29: Wachina, Wafilipino, Waindonezia, Wavietnam, Wakambodia, watu wa Taiwan. Waliotoka hai, mwezi wa 10, 2016, walikuwa 26. Miaka minne na nusu na zaidi! Wakati wote ule manowari za dunia nzima zilikuwa zinapita kwa bahari ile. Hatusemi askari walikuwa wabaya. Tunasema manda yao haikuandikwa kwa ajili ya mvuvi maskini ambaye patron wake alimwacha.

Basi ni nini ilimsaidia mtumikaji wa meli? Sehemu kubwa ni sendika. Shirikisho la dunia la watumikaji wa transporti, ITF, lilikaa mezani na wenye meli, wakapatana juu ya maeneo ya vita. Mapatano yanasema hivi: bahari ikitangazwa kuwa eneo la vita, mtumikaji yuko na haki ya kukataa kuingia. Akikataa, kompani inamrudisha kwao kwa makuta yake yenyewe, na inamlipa mishahara ya msingi ya miezi miwili. Akikubali kuingia, mshahara wa msingi wa siku zile unalipwa mara mbili. Akikufa ao akiumia, malipo kwa jamaa yake yanakuwa mara mbili. Bahari Nyekundu ya kusini iliwekwa ndani ya orodha ile, juu ya mashambulio ya Wahouthi.

Mapatano haya hayafuniki meli zote. Meli nyingi za uvuvi ziko inje, na mtu aliye na deni nyumbani mara nyingi atakubali kupita hata kama anaogopa. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu anayeingia hatarini akijua haki yake, na mtu anayesukumwa kama mfuko wa saruji.

Sisi wa mine tujipime na wao. Fundi akiona ukuta wa shimo uko na nyufa mpya, akisema "siingii," nini kinamfikia kesho? Mara nyingi sana jibu ni barua ya kufukuzwa, ao jina lake linaondolewa wakati kontra ya muda mfupi inaisha. Na yule wa soutraitance ndiye wa kwanza kutumwa na wa mwisho kulipwa. Lakini haki ile haikutungwa na sisi. Konvansyo namba 176 ya OIT, ya mwaka 1995, inayohusu usalama na afya katika mine, inasema katika artikeli ya 13 kwamba mtumikaji yuko na haki ya kuondoka mahali anapoona kwa sababu nzuri kwamba kuna hatari kubwa kwa usalama ao afya yake. Watumikaji wa bahari walifanya nini zaidi? Walichukua haki ya namna hiyo wakaiweka ndani ya mapatano, pamoja na bei yake: nani analipa tiketi, nani analipa siku, mjane anapata ngapi. Haki bila hesabu kandokando, mukubwa wa kazi anaicheka.

Kuna jambo lingine. Kila mara bahari inachafuka, mezani tunaambiwa: "Transporti imepanda, asiransi ya meli imepanda, mwaka huu hakuna nyongeza." Inaweza kuwa kweli. Sulfuri ikikawia, asidi inapanda bei. Lakini wadelege wetu wajue jografia yao. Meli inayotoka Durban ao Dar es Salaam ikielekea Uchina haipiti Bahari Nyekundu, inakata Bahari ya Hindi moja kwa moja. Basi wakituambia habari ya Wahouthi, tuulize kwa heshima: mzigo wetu unapita bandari gani? Unakwenda nchi gani? Asiransi ilikuwa ngapi, leo ni ngapi? Watuoneshe karatasi. Na siku transporti itashuka, tutarudi kwa meza ile ile na karatasi ile ile.

Tunaomba wadelege wafanye vitu vitatu mbele ya mazungumzo yanayokuja. Wasome mapatano yao ya pamoja na kutafuta kama haki ya kukataa mahali pa hatari imeandikwa, na kama imeandikwa, ni nani analipa siku ile. Waulize kama watu wa soutraitance wako ndani ya kipengele kile, ao wameachwa inje kama wavuvi wa Naham 3. Na waandike kila siku ambapo mtu alisema "siingii", tarehe, mahali na sababu, hata kama hakuna ajali iliyofuata.

Manowari zitaendelea kuja na kwenda, kufuatana na manda na makuta ya wenye nchi. Watumikaji wa bahari walijua hivyo, hawakungojea. Walikaa mezani wakati meli zilikuwa bado zinawaka moto. Sisi hatuna sababu ya kungojea mpaka ukuta uanguke.