Tubondo, mji mkuu uliosahauliwa na wenyewe

Kila redio inapotaja Walikale ao Masisi, wandugu wasomaji, tunajua mbele ya kusikia: ni bunduki ao ni madini. Ni bati ya Bisie, ni koltani ya Rubaya. Mwezi wa tatu 2025, M23 ilipouteka mji wa Walikale, dunia nzima iliandika: chimbo la Bisie limefungwa, bei ya bati imepanda. Mwezi wa nne waasi wakaondoka, na waandishi nao wakaondoka. Juu ya watu wa pale, masimulizi yao na mila zao, kimya.

Sisi tunasema: nchi hii iko na mji mkuu wa zamani, na jina lake ni Tubondo.

Wanyanga wanasimulia kwamba mwami Shemwindo, mwenye wake saba, aliijenga Tubondo na kukataza kwake kuzaliwe mtoto mwanaume. Mwindo alipozaliwa, baba alimtupia mikuki, akamzika, akamfungia ndani ya ngoma na kuitupa majini. Mtoto hakufa. Alirudi pamoja na wajomba zake, na radi ya Nkuba ikaiteketeza Tubondo. Lakini tusikilize mwisho wake: Mwindo alimfuata baba yake mpaka kuzimu, akamrudisha, akawafufua watu waliokufa. Shemwindo akaungama kosa lake mbele ya watu wote, na mwana hakulipiza kisasi.

Mwaka 1956 Candi Rureke alisimulia haya yote kwa siku 12, akiimba na kucheza. Mwaka 1969 Daniel Biebuyck, Mbeljiji, pamoja na Kahombo Mateene, Mnyanga mwenyewe, waliyatoa kitabu kule California. Tangu hapo wanafunzi wa Marekani wanaisoma Tubondo. Je, wa kwetu? Mtoto wa Walikale anajua Roma na Athene. Umuulize Tubondo, anakutazama tu.

Wasomi wengine wanatucheka: eti Tubondo haiko kwenye ramani, ni hadithi ya jioni. Basi, Troya ilikuwa wapi kwenye ramani? Schliemann alianza kuichimba kule Uturuki mwaka 1870, lakini watoto wa Ulaya walikuwa wanaisoma tangu zamani. Hawakungojea jembe ndipo waiheshimu.

Wengine ni hatari zaidi. Hao wanataka kuigeuza Tubondo hati ya shamba: sisi ndio wa kwanza, wengine watoke. Hapana! Tangu mauaji ya soko la Ntoto, mwezi wa tatu 1993, tumeona maneno ya namna hiyo yanafikisha watu wapi: Mhunde, Mnyanga, Mhutu, Mtutsi, wote wamezika. Anayeitafuta Tubondo ili amfukuze jirani hajaisikiliza mpaka mwisho. Mji ule uliteketea kwa sababu mwenye nguvu alikataa kugawana, na ulisimama tena siku alipokubali kusema: nimekosa. Halafu Mwindo akawaachia watu wake sheria: walime vyakula vingi, waache ugomvi, wasimcheke mlemavu anayepita kijijini. Wakubwa wetu wa leo, wenye bunduki na wenye viti, wangeanzia hapo.

Na saa zinakwenda. Masimulizi haya yalikuwa yanapitishwa kwa kinywa, mzee kwa kijana, kijijini. Sasa kijiji kimekimbia. Mzee yuko kambini, kijana yuko chimboni, na jioni hakuna anayeimba.

Kwa hiyo hatuombi huruma ya redio. Tunadai mambo matatu. Walimu waiweke Tubondo katika masomo, tangu shule ya msingi, kwa Kinyanga na kwa Kiswahili. Wenye simu wawarekodi wazee leo, si kesho. Na mwandishi wa habari anayekuja kuuliza bei ya madini, tumwambie kwanza: kaa chini, usikie habari za Tubondo. Asipotaka kukaa, basi aende na bati yake.