Mionzi hospitalini na kwenye vyuma chakavu: sheria ipo, nani anaisimamia kwetu visiwani?



Ndugu zetu katika Imani, maswali kuhusu minara ya simu hutufikia mara kwa mara: je, inadhuru watoto? Je, inafaa kukodisha kiwanja chetu kijengwe mnara? Ni nadra kuulizwa kuhusu chumba cha eksirei, na ilhali ni familia chache za Unguja na Pemba ambazo hazijawahi kupeleka mgonjwa humo. Mionzi ya chumba hicho ni ya aina inayoitwa mionzi ayonishi, yaani ile yenye nguvu ya kupenya mwili na kuharibu chembehai zake. Mawimbi ya simu hayamo katika aina hiyo. Kwa hiyo tumeona leo tulitazame jambo hili kwa upande wa sheria na usimamizi wake, kwani linagusa mgonjwa, mfanyakazi, na hata kijana anayeokota vyuma mtaani.

Sheria inasemaje?

Tanzania ilitunga sheria ya kujikinga na mionzi mwaka 1983, na kwa sheria hiyo ikaundwa Tume ya Taifa ya Mionzi. Mwaka 2003 ikaja Sheria ya Nguvu za Atomu Namba 7, ambayo ndiyo iliyozaa Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC). Kazi yake inafika Zanzibar pia. Mwenye mashine ya eksirei, au kifaa chochote chenye mionzi, anatakiwa awe na leseni. Tume hukagua vyumba na mashine, hupima mionzi wanayoipata wafanyakazi, na hupima vyakula vinavyoingia nchini.

Viwango vinavyofuatwa kimataifa viko wazi. Mfanyakazi wa mionzi asipate zaidi ya wastani wa milisiveti 20 kwa mwaka, ukihesabiwa kwa miaka 5, na mwaka wowote mmoja usizidi 50. Mwananchi wa kawaida, mfano jirani wa hospitali au mtu aliyekaa kwenye benchi la kusubiria, asipate zaidi ya milisiveti 1 kwa mwaka kutokana na shughuli hizo. Mtoto aliye tumboni mwa mfanyakazi naye huhesabiwa kama mwananchi, si kama mfanyakazi.

Mgonjwa hakuwekewa kiwango, kwa sababu huenda uhai wake umo katika kipimo hicho. Kinga yake ni maswali mawili ambayo daktari lazima ajiulize: je, kipimo hiki kinahitajika kweli? Na je, kinaweza kufanyika kwa mionzi michache zaidi? Picha moja ya kifua humpa mgonjwa takriban milisiveti 0.1 au chini ya hapo. Kipimo cha CT cha tumbo kinaweza kukaribia milisiveti 10, sawa na picha za kifua mia moja. Vyote viwili vina faida kubwa pale vinapohitajika, lakini havifai kuombwa ili mradi tu mgonjwa aridhike kwamba amepimwa.

Mauti mawili ya kuzingatia

Mwaka 1984 huko Mohammedia, Morocco, kituo cha umeme kilikuwa kikijengwa, na mafundi wakitumia kipande kidogo cha iridiamu kupimia maungio ya mabomba. Kipande kikachomoka na kuanguka chini. Mpita njia akakiona, akakichukua kwenda nacho nyumbani. Alama ya hatari ilikuwa kwenye chombo cha kukihifadhia, na kile chuma chenyewe hakikuwa na alama yoyote. Watu 8 wakafariki, yeye na ahali zake. Kwanza ilidhaniwa wamekula sumu, na mionzi haikushukiwa mpaka wa mwisho wao alipokwisha kufariki.

Mwaka 2000 yakajirudia Misri, katika kijiji cha Meet Halfa. Mkulima aliokota kipande cha iridiamu akakiweka nyumbani. Yeye na mwanawe mdogo wakafariki, na wengine katika nyumba ile wakadhurika. Tunawaombea Allaah Awarehemu.

Tuzingatie kwamba waliokufa hawakuwa wafanyakazi wa mionzi, wala hawakuvunja sheria yoyote. Aliyekosea ni aliyekabidhiwa kitu cha hatari asikihesabu jioni kabla ya kufunga kazi. Ndiyo maana kiini cha usimamizi wa mionzi ni daftari: kila chanzo kinajulikana kiko wapi, kiko mkononi mwa nani, na kitarudishwa wapi kikimaliza kazi yake.

Pengo liko wapi?

Hapa tunasema kwa heshima, lakini kwa uwazi. Tume yetu imepewa kazi mbili kwa pamoja: kudhibiti mionzi, na kuhamasisha matumizi ya teknolojia ya nyuklia. Kanuni inayosisitizwa kimataifa ni kwamba anayedhibiti awe mbali na anayehamasisha, ili asije akajikagua mwenyewe. Kenya ilizitenga kazi hizo mwaka 2019: mamlaka moja ya udhibiti, na wakala mwengine wa masuala ya umeme wa nyuklia. Sisi bado. Na mzigo unazidi kukua, kwani madini ya urani yapo Mto Mkuju, Namtumbo, na uchimbaji wake utahitaji wakaguzi wale wale tunaowahitaji huku visiwani.

Kisiwa nacho kina hali yake. Mkaguzi anavuka bahari, kifaa kilichoharibika kinavuka bahari, na mashine kuukuu isiyo na mwenyewe ni rahisi kuishia kwenye rundo la chakavu. Leseni iliyotundikwa ukutani ina faida iwapo tu kuna anayekuja kuikagua.

Familia zifanye nini?

Kwanza, dada zetu waondoe haya pale wanapoulizwa kama ni wajawazito. Bi harusi anayeficha mimba kwa kuwa mama mkwe yupo karibu anaweza kumweka mwanawe katika hatari isiyo na ulazima. Na wahudumu nao waulize faraghani, kwani kumsitiri muulizwaji ni sehemu ya kazi.

Pili, mtoto akihitaji kushikwa wakati wa kupigwa picha, ashikwe na mzazi asiye mjamzito, naye avalishwe aproni ya madini ya risasi. Wengine watoke nje na mlango ufungwe.

Tatu, mwenye mtoto au ndugu anayefanya kazi chumba cha eksirei amuulize: unayo beji ya kupimia mionzi? Majibu yake huletewa? Beji ni haki ya mfanyakazi, na kuidai si utovu wa adabu kwa mwajiri.

Nne, mgonjwa wa saratani aliyerudi Ocean Road, Dar es Salaam, baada ya kutibiwa kwa mashine ya mionzi ya nje, habebi mionzi mwilini. Kumtengea kikombe na mkeka ni kumdhulumu. Aliyepewa dawa ya iodini yenye mionzi ndiye hukaa mbali kidogo na watoto na wajawazito kwa siku atakazoambiwa na daktari.

Tano, vijana wa vyuma chakavu wajue alama: duara lenye mabawa matatu, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Chuma kidogo kizito kupita umbo lake, au kasha lililozungushiwa risasi, lisipasuliwe. Lisiguswe, watu wasogee mbali, na iarifiwe polisi au Tume. Na kama tulivyoona Mohammedia, kukosekana kwa alama si dalili ya usalama.

Ndugu zetu, kuondosha madhara ni katika misingi mikuu ya Shari’ah yetu, na cheo ni amana. Mwenye hospitali anayemwingiza mfanyakazi chumbani bila beji, na kiongozi anayejua ukaguzi haufanyiki akanyamaza, wote wataulizwa. Tunawaomba Wawakilishi na Wabunge wetu waulize wazi: vyumba vingapi vya eksirei Unguja na Pemba vimekaguliwa, lini, na mashine zilizokwisha muda zimepelekwa wapi? Majibu hayo ni haki ya wananchi.

Allaah Azihifadhi familia zetu, na Awape wepesi wanaofanya kazi hii kwa uaminifu.

Na Allaah Ndiye Mjuzi zaidi.