Koo zetu zimo kwenye makabati ya parokia

Mkatoliki anayekwenda kwa paroko kuandikisha ndoa huulizwa mapema: umebatizwa wapi, na namba yako ya ubatizo ni ipi? Namba hiyo, inayotanguliwa na herufi L.B. kwenye cheti, wengi huinakili kwenye fomu kisha wakaisahau. Kumbe inaelekeza kwenye mstari mmoja ndani ya Liber Baptizatorum, kitabu cha wabatizwa, kilichofungiwa kabatini katika parokia alikobatizwa mhusika. Vitabu vichache nyuma ya mstari huo yupo mama yake, yupo babu yake, na mara nyingi yupo mtu wa kwanza wa ukoo kuandikwa jina kwa wino.

Ni koo chache za bara zenye maandishi mengine ya umri huo. Wajerumani walipoanza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898 walitaka idadi ya nyumba na fedha zake. Nani kazaliwa na nani haikuwahusu. Waingereza walileta sheria ya kuandikisha vizazi na vifo mwaka 1920, lakini mwanakijiji wa Kiafrika hakubanwa nayo. Aliyeandika ni padre, na aliandika jambo ambalo karani wa kodi hakuwa na haja nalo: jina la mama.

Kwa sababu hiyo, kuviacha vitabu hivi viishe kimyakimya ni hasara isiyofidika. Vipigwe picha vyote, jimbo kwa jimbo, na vile vya zamani vifunguliwe kwa watu wanaotafuta asili yao.

Mstari wa kawaida hutaja jina la mbatizwa, siku na mahali alipozaliwa, wazazi, msimamizi, padre aliyebatiza na tarehe. Utamu wenyewe uko pembeni mwa ukurasa. Tangu Pasaka ya mwaka 1908, amri ya Papa Pius wa Kumi ilitaka kila ndoa iandikwe pia kando ya ubatizo wa wahusika. Kijana aliyebatizwa Kibosho, akateremka Tanga kukata mkonge na kuoa huko, hakupotea vitabuni: paroko aliyefungisha ndoa alipaswa kutuma taarifa Kibosho, na paroko wa Kibosho aiandike pale pale kwenye mstari wa kijana yule. Kipaimara nacho kiliandikwa, vivyo hivyo upadre na nadhiri za utawa. Mjukuu aliyekulia Tanga, asiyejua hata babu yake alitokea kijiji gani, anaweza kuanzia kwenye kitabu cha ndoa cha mjini na kupanda nacho hadi mlimani. Hakuna hati nyingine ya miaka ile inayomfuata mtu wa kawaida namna hiyo, kutoka kuzaliwa hadi kufunga ndoa, katika mikoa miwili tofauti.

Kuna mistari mifupi inayouma. Maneno in periculo mortis yanaonyesha kwamba mtoto alibatizwa akiwa mahututi, pengine na katekista au jirani kabla padre hajafika. Familia nyingi hazikumbuki tena watoto hao, wala makaburi yao hayajulikani.

Anayetafuta lazima pia ajue kwamba kizazi cha kwanza hakikuingia kitabuni kwa mpangilio wa umri. Laurean Rugambwa, aliyekuja kuwa kardinali wa kwanza Mwafrika wa nyakati zetu, alibatizwa mwaka 1921 akiwa na miaka minane, pamoja na wazazi wake. Julius Nyerere alibatizwa Nyegina, karibu na Musoma, tarehe 23 Desemba 1943, akiwa kijana wa miaka 21. Baba yake, Chifu Nyerere Burito, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Basi bibi anaweza kupatikana kurasa nyingi baada ya mwanawe, na anayerudi nyuma tu atampita.

Zipo familia ambazo bila vitabu hivi hazina pa kushika kabisa. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 na kukusanya hapo watoto na vijana waliokombolewa utumwani. Waliokua na kuoana walipewa makazi katika kijiji cha misheni, na baadaye baadhi ya jozi hizo zilipelekwa bara kuanzisha vituo vipya, Mhonda ikiwa ya kwanza mwaka 1877. Karema, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Mapadre Weupe waliingia mwaka 1885, na huko ndiko alikoishi na kutibu watu Adrian Atiman, aliyetekwa akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa Algeria na kusomea uganga Malta. Alifariki mwaka 1956. Wazao wa watu wa namna hii hawawezi kumuuliza mzee wa ukoo habari za vizazi kumi, kwa maana utumwa ulikata kamba hiyo. Kwao ukoo unaanza na ndoa iliyoandikwa na padre.

Hata hivyo kitabu peke yake hakitoshi. Maria na Yosefu wamejaa kila ukurasa, na jina la ukoo mara nyingi halikuandikwa. Padre Mjerumani aliandika ch kama tsch na j kama dsch; Mfaransa aliandika ou pale penye u. Mtu anayetafuta jina kwa tahajia ya leo atafunga kitabu akidhani babu yake hakuwahi kuwapo. Hapo anahitajika mzee anayejua kwamba msimamizi fulani alikuwa mjomba, au kwamba katekista fulani alifundisha ng'ambo ya mto tu. Wazee hao wanaondoka. Anayengoja kustaafu ndipo atafute, atakuta kitabu lakini hatakuta wa kukisoma naye.

Karatasi nayo haina subira. Mchwa, unyevu na wino wa zamani unaokula ukurasa vinafanya kazi yao kila msimu wa mvua. Historia yenyewe inajua moto: misheni ya Pugu iliteketezwa Januari 1889 katika vita vya Abushiri, na ya Nyangao mwaka 1905 katika Majimaji. Nakala moja kabatini ni kamari.

Kanisa halihitaji kutunga sheria mpya. Sheria yake ya mwaka 1917 iliwaagiza maparoko kupeleka jimboni nakala ya vitabu kila mwisho wa mwaka. Ile ya mwaka 1983 inadai vitabu vya zamani vitunzwe kwa uangalifu, na kwamba kila askofu awe na hifadhi ya nyaraka za historia katika jimbo lake. Wasomi kutoka Uingereza, Shane Doyle na Sarah Walters miongoni mwao, wameshavitumia vitabu vya parokia za kanda ya Ziwa kuchunguza uzazi na vifo vya karne iliyopita. Thamani yake imeonekana ugenini. Wajukuu wa walioandikwa humo wana haki ya kwanza.

Wanaohofia siri za watu wana hoja ya kweli. Vitabu hutaja watoto waliozaliwa nje ya ndoa, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022. Ireland ilipata njia: Julai 2015 Maktaba yake ya Taifa ilifungua bure mtandaoni picha za vitabu vya parokia 1,086, ikiishia takriban mwaka 1880. Majimbo yetu yanaweza kuweka mpaka wa miaka mia moja kwa ubatizo, na vya karibu zaidi vibaki kwa paroko, avisome yeye kwa niaba ya mhusika. Vitabu halisi visihamishwe. Mtu aende parokiani kwa adabu, aandike barua mapema na alipie muda wa katibu, ambaye ana kazi nyingine nyingi.

Kazi ianzie parokia mama zilizovuka karne: Bukumbi, Karema, Kashozi, Kibosho, Peramiho. Parokia zilizozaliwa kutoka kwao huanza vitabu vyao baadaye, hivyo ubatizo wa zamani wa maeneo yale uko kwa mama. Parokia nyingi hukusanya michango mikubwa kwa ajili ya jubilei, ikaishia kwenye uzio, groto na vitenge. Kamati inayokaa mwaka huu iongeze kwenye bajeti kamera, taa na posho ya vijana wawili wa kufungua kurasa, kisha nakala moja iende kwa askofu.