Tusifute nyimbo za MIDI: ubaya uko kwenye kompyuta, hauko kwenye wimbo

UVIRA, Kivu ya Kusini – Juma lililopita nilipita kwenye mazoezi ya korali moja ya hapa kwetu. Nilikuta vijana wawili wameinama kwenye kompyuta, wanafuta mafaili ya flashi kusudi wapate nafasi ya kuweka video. Nikawauliza wanafuta nini. Mmoja akanijibu: «Ni zile MIDI za mwalimu, papa. Zinalia sawa simu ya zamani. Nani atazisikiliza?»

Niliwaomba wasimamishe kwanza. Wakaaji wa Uvira wanakumbuka mwezi wa 4 mwaka 2020, wakati mto Mulongwe ulipotoka kwenye njia yake na kubomoa nyumba za watu. Siku hizo korali hiyo ilipoteza sanduku la madaftari. Ndani mlikuwa nyimbo ambazo mwalimu wao alizitunga na kuziandika kwa mkono miaka mingi, sauti zote nne: soprano, alto, tena na basi. Mwalimu mwenyewe amekwisha kufariki. Kilichobaki ni ile flashi, sababu kabla ya mafuriko mwanafunzi wake alikuwa ameziingiza nyimbo hizo ndani ya kompyuta na kuzihifadhi kama MIDI. Kuifuta ni kumaliza kazi ambayo maji hayakuimaliza.

Maoni yangu ni haya: vijana hawa hawakukosea masikio. Kweli zile nyimbo zilikuwa zinalia vibaya. Lakini kosa ni la programu inayozisoma, na kosa hilo linatengenezwa kwa nusu saa.

Faili ya MIDI haina sauti ndani yake. Ina maagizo tu: piga noti hii, kwa nguvu kiasi hiki, iachilie sasa, tumia chombo namba fulani. Ni sawa karatasi ya noti. Ukimpa karatasi hiyo mpiga kinanda hodari, utafurahi. Ukimpa anayejifunza, utaziba masikio, na karatasi ni ileile. Mpango wa MIDI ulitoka mwaka 1983 kusudi vinanda vya kampuni mbalimbali viweze kusikilizana. Mwaka 1991 wakapatana tena juu ya orodha moja ya vyombo 128, inayoitwa General MIDI, kusudi ogani ya kompyuta moja ibaki ogani kwenye kompyuta nyingine.

Sasa, kompyuta zetu nyingi zinatumia Windows. Ndani ya Windows, anayesoma karatasi hiyo ni kinanda kidogo cha Microsoft ambacho sauti zake zote, vyombo 128 pamoja na ngoma, zimebanwa ndani ya mega 3 na kidogo. Ni sauti za miaka ya 1990. Ndiyo sababu ogani inalia kama filimbi ya mtoto.

Dawa yake ni vitu vitatu, vyote vya bure. Cha kwanza ni programu ya kuchezesha muziki. Mimi ninatumia foobar2000, ni nyepesi hata kwa kompyuta ya zamani. Cha pili ni plagini, yaani kipande cha kuongezea, kinachoitwa foo_midi, sababu foobar2000 peke yake haisomi MIDI. Cha tatu ni saundifonti, yaani ghala la sauti za vyombo vya kweli vilivyorekodiwa noti kwa noti. GeneralUser GS ina mega 30 hivi, na inafaa sana kwa korali. FluidR3 ni kubwa zaidi, inafika mega 140 hivi.

Kuweka si kazi ya injinia. Fungua foobar2000, ingia «File», kisha «Preferences», kisha «Components». Bonyeza «Install», chagua faili ya foo_midi, bonyeza «Apply», na uache programu ijifunge na kujifungua upya. Rudi tena kwenye «Preferences», tafuta sehemu ya MIDI, chagua BASSMIDI, na uonyeshe mahali ulipoweka saundifonti, ile faili inayoishia na .sf2. Angalisho moja: saundifonti ikae ndani ya kompyuta yenyewe. Mimi niliiacha kwenye flashi. Nilipoichomoa flashi, muziki wote ukanyamaza, nikafikiri nimeharibu kompyuta ya watu.

Umeme uliporudi jioni ile, tulicheza wimbo wa kwanza wa mwalimu. Ogani ililia kama ogani. Mama mmoja wa alto, aliyekuwa anapanga viti, aliacha viti akaanza kuimba sehemu yake toka mwanzo mpaka mwisho. Maneno alikuwa nayo kichwani. Wale vijana wawili wakaangaliana, hawakusema kitu.

Najua watu watanipinga. Wa kwanza watasema: kwa nini tusirekodi korali kwa simu, tukamaliza? Turekodi, ndiyo. Lakini rekodi inachanganya sauti nne pamoja, na kijana mpya wa tena hawezi kutoa mstari wake humo. MIDI inazitunza sauti mbalimbali. Ukiifungua kwa MuseScore, ambayo nayo ni ya bure, utaona noti zake, utanyamazisha sauti tatu na kumwachia kijana ile yake peke yake. Hata lile daftari lililokwenda na maji linaweza kuandikwa upya.

Wa pili watasema mega ni ghali. Hapo ndipo MIDI inatufaa zaidi. Wimbo wa dakika 4 kwa MP3 ya kawaida unakula karibu mega 4. Wimbo huohuo kwa MIDI unaweza kuwa na kilo 20 tu. Ndani ya mega 4 zile utaingiza nyimbo kama hizo 200. Kilicho kizito ni saundifonti, na hiyo inashushwa mara moja tu. Mtu mmoja katika kartie akiwa nayo, wengine wote waipate kwa flashi.

Wa tatu watasema kompyuta haiwezi kuimba sawa mtu. Hao wana haki. Hakuna saundifonti itakayotamka maneno ya wimbo. Katika ile orodha ya vyombo 128 utakuta marimba na kalimba, ndugu ya likembe yetu, lakini ngoma zetu za hapa, namna zinavyopigwa siku ya sikukuu, hazimo. MIDI haichukui nafasi ya korali. Inatunza njia, kusudi korali iweze kuipita tena.

Kwa hiyo ninaomba mambo matatu. Waalimu wa korali, tafuteni mafaili ya MIDI kwenye kompyuta za zamani, katika ofisi za parokia na kwa watu waliowasaidia wazee wenu kuandika. Msihukumu wimbo kabla ya kuweka saundifonti. Wazee wa kanisa, mnaponunua vipaza sauti, kumbukeni pia flashi mbili za kuhifadhi nakala, moja ikae nyumba nyingine mbali na mto. Nanyi vijana, ninyi mnaojua kompyuta kuliko sisi, fanyeni kazi hii kabla hamjaombwa. Kama korali ina simu tu, foobar2000 inaweza kuigeuza MIDI kuwa faili ya sauti ya kawaida, mkawatumia wenzenu. Ila ile MIDI msiifute, ndiyo mama.

Ile flashi ya mwalimu sasa ina nakala tatu. Katika nyimbo zilizokuwamo, chache zilikuwa zimekwisha kufutwa kabla sijafika, na hakuna anayezikumbuka zote. Mama wa alto anajaribu kutafuta sehemu yake ya wimbo mmoja. Za sauti nyingine tatu, bado tunaulizia kwa watu.