CHANJO SI TIKETI YA JUKWAA KUU



Wewe kijana wa Chemchem huhitaji kufundishwa maana ya foleni. Siku za maji ya mgao, ndoo hupangwa bombani kabla ya alfajiri, na hata mwenyewe akienda kunywa kahawa kijiweni, ndoo yake inamlindia nafasi. Mama mjamzito hupishwa. Bibi kizee hupishwa. Nyumba yenye msiba hupishwa. Hakuna anayenung'unika, maana kila mtu anaiona sababu kwa macho yake. Lakini akitokea bwana mmoja na madumu kumi kwenye mkokoteni, akataka kuchota kwanza kwa kuwa eti anajulikana mjini, siku hiyo patachimbika.

Haya. Akitokea mshambuliaji wa timu yako, yule aliyekufanya urushe kofia pale Uwanja wa Ali Hassan Mwinyi, je, utampisha?

Wengi wenu mtasema ndiyo, na tunawaelewa. Lakini foleni tunayoizungumza leo si ya maji. Ni foleni ya chanjo, na anayekosa zamu kwenye foleni hiyo harudi nyumbani na ndoo tupu tu. Anaweza asirudi kabisa.

Jambo hili lilishatokea kwa majirani zetu. Mwezi Machi 2021 Kenya ilipokea shehena yake ya kwanza ya chanjo ya korona, dozi milioni moja na ushee za AstraZeneca, kwa nchi yenye watu zaidi ya milioni 47. Wakatangaza zamu: wahudumu wa afya, walimu, askari, kisha wazee wa miaka 58 na kuendelea. Mara, Aprili 8 mwaka huo huo, wanamichezo waliokuwa wakijiandaa kwa Olimpiki ya Tokyo wakaanza kuchanjwa jijini Nairobi, na viongozi wao wa michezo pamoja nao. Wakati huo India, ilikokuwa ikitengenezwa chanjo hiyo, ilikuwa imebana mauzo ya nje ili iwahudumie watu wake. Wakenya waliokwisha kuchanjwa dozi ya kwanza wakaambiwa wasubiri ya pili kwa wiki 12 badala ya nane.

Tuwe waungwana, tuwasikilize kwanza wanaotetea uamuzi ule. Wanasema mwanamichezo ni mfanyakazi kama wengine, na kazi yake iko ugenini. Wanasema umri wake wa kazi ni mfupi kama maua ya mwembe, na Olimpiki haimsubiri mtu. Hoja hiyo ina uzito, hasa kwetu Watanzania. Tangu Filbert Bayi na Suleiman Nyambui warudi na medali za fedha kutoka Moscow mwaka 1980, hakuna Mtanzania mwingine aliyepanda jukwaa la medali za Olimpiki. Nani atakayetaka mkimbiaji wetu akwame uwanja wa ndege kwa kukosa sindano moja?

Hata hivyo, itazame hoja hiyo vizuri. Inatuambia kwa nini mwanamichezo anaihitaji chanjo. Haituambii kwa nini anaihitaji kuliko muuguzi wa zamu ya usiku, au kuliko mama yako mwenye kisukari anayeuza mchicha sokoni akigusana na watu mia kwa siku. Wewe na yule mshambuliaji ni vijana wenye mapafu ya kupulizia moto. Korona ilipowakuta watu wa rika lenu, wengi walikohoa wakapona. Ilipomkuta mzee au mwenye maradhi ya muda mrefu, mara nyingi ilimlaza moja kwa moja. Kwa hiyo dozi moja iliyotolewa kwa mzee ilikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuokoa roho kuliko dozi hiyo hiyo kwenye bega la winga wa kulia.

Na wala chanjo si hirizi. Juni 2021 kundi la kwanza la timu ya Olimpiki ya Uganda, watu tisa, lilitua Narita nchini Japani. Kocha mmoja akapimwa akakutwa na korona, ingawa alikuwa amekwisha kuchanjwa dozi mbili. Chanjo humwepusha mtu na ugonjwa mkali na kifo, na hiyo ndiyo kazi yake kubwa. Basi impasa iende kwanza kwa walio karibu na kifo, si kwa walio karibu na kamera.

Sisi watu wa Tabora tungekuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Mji huu ulijengwa na njia ya misafara, Bagamoyo hadi Ujiji, na mizigo ile ilibebwa na mabega ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Ndui nayo ilisafiri na misafara ile ile, kambi kwa kambi. Mpagazi aliyeshindwa kutembea kwa homa aliachwa njiani, na pembe aliyoibeba ikahamishiwa bega la mwenzake. Tajiri wa msafara alikuwa na punda, hema na mpishi. Aliyeshika mzigo ndiye aliyeshika na ugonjwa.

Nani mpagazi wa zama hizi? Mwaka 2020 malori yalipanga mistari mirefu Namanga, Malaba na Mutukula, madereva wakisubiri majibu ya vipimo, wakinyooshewa vidole kama vile wao ndio waliouanzisha ugonjwa. Hao ndio waliotuletea sukari, mafuta na dawa wakati wengine tumejifungia ndani. Chanjo zilipofika Afrika Mashariki, dereva wa lori alipigiwa debe na nani? Wachukuzi wa sokoni je? Kondakta wa basi la Mwanza je? Hawana wimbo wa taifa unaopigwa wakishinda.

Wapo watakaosema Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitafuta njia ya haki. Ni kweli kwamba Mei 6, 2021 ilitangaza kuwa Pfizer na BioNTech watatoa chanjo kwa timu zinazokwenda Tokyo, na kwamba dozi hizo zitakuwa nyongeza, hazitakatwa kwenye mgao wa nchi yoyote. Hilo ni afadhali kuliko kuruka foleni ya nchi maskini. Lakini kumbuka kuwa mwezi ule viwanda vilikuwa havijatosheleza hata robo ya dunia. Anayesema amekuja na maji yake mwenyewe, muulize ameyachota mto gani.

Na hapa kwetu? Wakati jirani wanagombania zamu, sisi bomba lenyewe tulikuwa hatuna! Takwimu za wagonjwa zilikoma kutangazwa mwaka 2020, zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21. Januari 2021 Rais Magufuli, akiwa Chato, alizitilia shaka chanjo mbele ya taifa zima. Februari 1 Wizara ya Afya ikasema haina mpango wa kuzipokea. Februari 17 tukampoteza Maalim Seif Sharif Hamad, ambaye wiki chache kabla chama chake kilitangaza kuwa ameambukizwa. Ni chini ya Rais Samia ndipo dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson zilipotua Dar es Salaam, Julai 24, 2021, siku moja baada ya Olimpiki kufunguliwa Tokyo. Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya Olimpiki hiyo Agosti 8 akashika nafasi ya saba. Uzinduzi wa chanjo nchini kwake ulikuwa na siku 11 tu.

Unaona ubaya ulipo? Upendeleo huota pale penye uhaba, na uhaba wetu mwingine ulitengenezwa na wakubwa kwa midomo yao. Mbegu ya shaka ikaota nayo. Chanjo zilipokuja, vijana wengi wa vijiweni waliziita majina ya ajabu, hadi serikali ikalazimika kuanzisha mpango wa kuharakisha na kuwafuata watu walipo.

Hapo ndipo mwanamichezo ana kazi ya kufanya. Nyota wa Simba au Yanga akichanjwa hadharani, kijana aliyeshindwa kumsikiliza mganga mkuu atamsikiliza yeye. Tunakubali kabisa. Lakini basi aje kwenye kituo cha afya cha mtaa, apange mstari, anyooshe mkono zamu yake ikifika. Nyota aliyechanjwa kwa siri mlango wa nyuma hamshawishi mtu. Anathibitisha tu kwamba kuna mlango wa nyuma.

Na mlango huo hapiti peke yake. Hili ndilo linalotutia hofu kuliko lote. Leo orodha itaandikwa "wanamichezo". Kesho itasomeka "wanamichezo na viongozi". Keshokutwa utamkuta humo mpwa wa katibu, mke wa mjumbe na wapambe wasioujua hata uzito wa tufe. Tumeuona mchezo huo kwenye misafara ya timu za taifa, wachezaji wachache na wasindikizaji kibao. Mwanamichezo atageuzwa shuka la kuwafunika wazito.

Njia ya haki ipo, tena imeshatumika jirani tu. Ebola ilipoivamia Kivu Kaskazini mwaka 2018 hadi 2020, zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Waliotangulia ni waliomgusa mgonjwa, waliowagusa hao, na wahudumu wa afya. Swali lilikuwa ulikuwa karibu na nani, basi.

Tunalisema hili sasa kwa sababu ugonjwa mwingine haupigi hodi. Marburg imeshaingia Kagera mara mbili, 2023 na 2025. Mpox ilithibitishwa nchini Machi 2025. Na Tanzania, Kenya na Uganda zimekabidhiwa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Ukizuka ugonjwa wakati wa mashindano, simu zitapigwa usiku na orodha zitaandikwa gizani.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, zamu ya chanjo za dharura iandikwe leo, kukiwa shwari, na ibandikwe kwenye mlango wa kila zahanati: wahudumu wa afya, walio karibu na mgonjwa, wazee na wenye maradhi, kisha wanaotubebea mizigo na abiria. Pili, mwanamichezo anayekwenda kuiwakilisha nchi apewe baada ya hao, au kwa dozi za nyongeza zilizothibitishwa kuwa ni za nyongeza. Tatu, majina ya msafara wote yatangazwe, mkimbiaji na kocha wake, na kila jina lingine lieleze linakwenda kukimbia mbio gani.

Kijana mwenzetu, diwani wako na mbunge wako watakuja tena kukuomba kura. Waulize orodha hiyo iko wapi. Jumamosi nenda uwanjani, mshangilie mshambuliaji wako mpaka sauti ikauke. Akikukuta bombani, msalimie, mwoneshe mwisho wa mstari. Kama ni mwungwana, ataweka ndoo yake nyuma ya ya mama yako.